Jarida la muziki: Chimbuko lake, yaliyomo na nafasi yake Kibera na Kawangware

JARIDA la muziki ni chapisho linalotoka kila juma au kila mwezi, ambalo kazi yake kuu ni kumweleza msomaji nani ameimba nini, amerekodi wapi, na mashabiki wamempokea vipi.

Hayo ni maelezo mepesi ya kitu ambacho kimepitia mabonde na milima. Humu nchini, jarida la aina hii kwa sehemu kubwa limeishi kama mpangaji katika nyumba ya mwenyewe: limekuwa kijarida kilichokunjwa ndani ya gazeti, hasa lile la Ijumaa au la Jumapili.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kijarida hicho kilikuwa na wasomaji wengi kuliko nakala zilizonunuliwa. Nakala moja ya kinyozi ilisomwa na kila aliyekalia kiti chake. Baadaye picha za katikati zilibandikwa ukutani, na kurasa zilizosalia zikaishia kufungia maandazi.

Wapo wanaodharau jarida la muziki kuwa ni porojo za vijana. Hata hivyo, ndilo lililoandika, tena kwa tarehe, habari za nyimbo zilizochezwa katika mitaa hii. Kurasa zake zikipotea, sehemu ya historia ya jiji hupotea nazo.

Chimbuko lake ng'ambo

Jarida kongwe zaidi miongoni mwa yale yanayojulikana sana ni Billboard la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1894. Mwanzoni halikuwa la muziki. Lilihudumia wafanyabiashara wa mabango ya matangazo, likaingia katika habari za maonyesho na sarakasi, na hatimaye likaegemea muziki. Orodha yake ya nyimbo 100 zinazovuma ilianza kutolewa Agosti 1958.

Nchini Uingereza, jarida la New Musical Express lilianza mwaka wa 1952. Novemba mwaka huo huo lilichapisha orodha ya kwanza ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo, kwa kupigia simu maduka ya santuri na kuuliza ni zipi zilizonunuliwa kwa wingi.

Mwaka wa 1967 lilizaliwa Rolling Stone mjini San Francisco, Marekani. Hili lilileta mahojiano marefu, na likachanganya muziki na siasa kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka. Miaka 11 baadaye, Waingereza walipata Smash Hits, lililopendwa na wanafunzi kwa sababu lilichapisha maneno ya nyimbo. Hilo lilifungwa mwaka wa 2006.

Kwa wapenzi wa muziki wa kufokafoka, jina lililo kuu ni The Source. Lilianzishwa mwaka wa 1988 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Mays na Jon Shecter, kama karatasi moja tu ya habari. Lilipima albamu kwa alama za vipaza sauti, na vitano vilikuwa heshima ya juu kabisa. Albamu ya Nas iitwayo Illmatic ilitunukiwa vitano mwaka wa 1994.

Jarida hilo lilikuwa pia na safu ya wasanii ambao bado hawajasajiliwa na kampuni yoyote. Ni katika safu hiyo ambapo Notorious B.I.G. aliandikwa mwaka wa 1992, miaka miwili kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza. Funzo lililopatikana hapo ni kwamba ukurasa mmoja unaweza kumtoa mtu kichochoroni na kumfikisha studio.

Barani Afrika, mwasisi wa mkondo huu ni Drum, lililoanza Afrika Kusini mwaka wa 1951. Halikuwa la muziki pekee, lakini lilimpa Todd Matshikiza nafasi ya kuandika kuhusu jazi kwa ladha ya mitaa ya watu weusi. Toleo lake la Afrika Mashariki lilisomwa sana Nairobi, na wengi walilitumia kama kipimo cha jinsi jarida la mjini linavyopaswa kuonekana.

Safari yake humu nchini

Katika miaka ya 1960, Nairobi ilikuwa kitovu cha kurekodi muziki wa kanda hii. Studio ya Equator Sound ilikuwa na wanamuziki kama vile Fadhili William, Daudi Kabaka na Nashil Pichen. Kibao cha Kabaka kiitwacho Helule Helule kilipendwa hata kundi la The Tremeloes la Uingereza likakiimba upya mwaka wa 1968.

Pamoja na utajiri huo, hapakuwa na jarida la Kiswahili lililojitolea kuandika habari za muziki. Wasanii waliandikwa hapa na pale katika magazeti kama vile Baraza, lililochapishwa kati ya mwaka wa 1939 na 1979, na katika Taifa Leo.

Pengo hilo lina gharama yake hadi leo. Wimbo Malaika, ambao umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na wengine wengi, ulirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi halisi alikuwa Adam Salim wa Tanzania. Fadhili William aliaga dunia mwaka wa 2001 na ubishi ukabaki. Lau mwandishi mmoja angaliketi na wahusika wakati huo na kuchapisha maelezo yao, leo tungekuwa na pa kuanzia.

Miaka ya 1970 ilileta jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka wa 1973 na mwanahabari Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Lilikuwa jarida la vichekesho, hadithi fupi na vibonzo, wala si la muziki. Lakini lilithibitisha kwamba maisha ya mkazi wa kawaida wa Nairobi, anayebanwa na kodi na kuchekea shida zake, yanaweza kujaza kurasa na kupata wanunuzi. Lilidumu hadi mwaka wa 1979.

Wakati huo huo benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz ilikuwa imeshika kasi, nyimbo za Joseph Kamaru zikivuma katika kila baa ya Mkoa wa Kati, nao wanamuziki kutoka Zaire, kama vile Super Mazembe na Les Mangelepa, wakijaza kumbi za jiji. Magazeti yalitangaza maonyesho yao, lakini ni mara chache yalipoeleza maisha yao kwa kina.

Kanda za kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, zilifuatwa na wizi wa kazi za sanaa. Kanda moja halali ilizaa nakala nyingi bandia katika vibanda vya mjini. Kampuni za kimataifa kama vile PolyGram na CBS, zilizokuwa na ofisi Nairobi, ziliondoka. Nazo zilipoondoka, ziliondoka na pesa za matangazo ambazo zingelisha jarida la muziki.

Mambo yalibadilika utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi. Capital FM ilianza kusikika mwaka wa 1996, na vituo vingine vikafuata. Vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora walisikika mwishoni mwa miaka hiyo wakifokafoka kwa Kiswahili na Sheng. Studio za Ogopa na Calif zilizaa mitindo ya kapuka na genge, na majina kama vile E-Sir, Nameless, Nonini na Jua Cali yakawa midomoni mwa kila mtoto.

Magazeti makuu yaliona soko. Gazeti la The Standard lilikuja na kijarida cha Pulse kila Ijumaa. Sunday Nation likawa na Buzz, na baadaye Daily Nation nalo likatoa Zuqka siku ya Ijumaa. Nje ya magazeti, jarida la Insyder liliwalenga wanafunzi wa shule za upili, na likahusishwa na tuzo za Chaguo la Teeniez ambazo wanafunzi walichagua wenyewe wasanii waliowapenda.

Huo ndio uliokuwa msimu wa mavuno wa jarida la muziki nchini Kenya. Mtu aliyetaka kujua nani ametoka studio gani, na nani amekosana na nani, hakuwa na budi kungoja mwisho wa juma.

Yaliyomo

Majarida haya yalitofautiana kwa majina na rangi, lakini yaliyomo yalifanana. Msomaji aliyezoea aliweza kuyafungua gizani na bado akapata alichotaka.

Jalada: Hapa huwekwa picha kubwa ya msanii anayevuma. Jalada halikuwa mapambo tu. Kwa msanii asiye na kampuni ya kumtangaza, kutokea hapo kulikuwa kama cheti. Mwandalizi wa maonyesho aliyekuwa na shaka naye alionyeshwa nakala hiyo, na bei ikapanda.

Mahojiano: Hii ndiyo safu yenye uzito kwa mwanahistoria. Humo msanii hueleza alizaliwa wapi, alisomea wapi, nani alimlipia saa za kwanza studio, na ni nani aliyepiga kinanda katika wimbo. Mambo hayo mara nyingi hayaandikwi popote pengine, kwani kanda na sahani za wakati huo zilikuwa na majalada yasiyotaja hata jina la mtayarishaji.

Uhakiki: Mhakiki husikiliza albamu na kuipima. Katika nchi ambayo wasanii na waandishi hukutana katika kumbi zile zile, kazi hii ina ugumu wake, kwa kuwa anayekosolewa leo atakutana na mwandishi kesho. Ndiyo maana uhakiki mwingi ulikuwa mfupi na wa upole, na ukali ukahamishiwa kwenye safu ya udaku.

Chati: Ng'ambo, orodha ya nyimbo zinazoongoza hutokana na mauzo yaliyohesabiwa. Kwetu hesabu hiyo haikuwezekana, kwa sababu nakala bandia zilizouzwa barabarani hazikuwa na wa kuzihesabu. Hivyo chati zilitegemea maombi ya wasikilizaji wa redio na maoni ya madijei. Wimbo uliochezwa kutwa kucha katika matatu ya namba 46 kwenda Kawangware ungeweza kukosa kabisa kuingia katika chati hizo.

Maneno ya nyimbo: Vijana walinakili mistari katika madaftari ya shule kwa kusikiliza redio, wakikosea hapa na pale. Jarida lililochapisha maneno kamili lilimaliza ubishi. Lakini maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda. Mhariri mwangalifu huomba idhini kwanza.

Udaku: Nani anachumbiana na nani, nani amenunua gari, nani ameshindwa kulipa kodi ya nyumba. Safu hii ndiyo iliyosomwa kwanza na kulaumiwa zaidi. Ubaya wake ni kwamba haikuwa na njia ya kumrudishia mtu jina lake likishachafuliwa. Manufaa yake, ikiwa yapo, ni kwamba iliuza nakala, na mauzo hayo yakagharimia mahojiano.

Barua na picha za mashabiki: Hapa msomaji wa kawaida aliingia ndani ya jarida. Mkazi wa Gatwekera au wa Gatina aliyeona jina lake limechapishwa, hata kama ni katika mistari mitatu ya kumtetea msanii wake, alilihifadhi toleo hilo kwa miaka.

Bango la katikati: Kurasa mbili zilizoshikana, zenye picha moja ya kubandika. Hizo ndizo zilizopamba vibanda vya vinyozi na kuta za vyumba vya mabati, mara nyingine kwa urembo na mara nyingine kwa kuziba upepo.

Tanzia: Hakuna safu iliyoonyesha nguvu ya jarida kama hii. E-Sir alipofariki katika ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa amevuma kwa muda mfupi tu, ni kurasa za burudani zilizokusanya maisha yake mahali pamoja. Vijana ambao hawakuwa na hata picha yake moja waliipata humo.

Matangazo: Pombe, simu, mafuta ya nywele na maonyesho ya mwisho wa juma. Msomaji huyaruka, lakini ndiyo yanayolipia karatasi. Pia ni ushahidi. Tangazo la onyesho hutaja ukumbi, kiingilio na majina ya bendi zote, pamoja na zile ambazo hakuna mwandishi aliyezikumbuka.

Kibera na Kawangware kurasani

Mitaa hii miwili iko upande wa magharibi wa jiji. Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilianza kama makao ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la kikoloni. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu wakazi wake kuwa 170,070. Kawangware iko Dagoretti, na ina mchanganyiko wa wakazi ambao miongoni mwao Wakikuyu na Waluhya ni wengi.

Kwa muziki, ni ghala lililojaa. Wanubi wa Makina wana ngoma yao ya doluka. Baa na kumbi ndogo za Kibera zimepiga benga na ohangla tangu jadi. Kule Kawangware, mtu angeweza kusikia mugithi wa gitaa moja upande huu wa barabara na isukuti upande wa pili, na asubuhi ya Jumapili zote zikazimwa na vipaza sauti vya makanisa.

Hata hivyo, ghala hilo halikuonekana sana kurasani, na sababu ni tatu.

Kwanza, vijarida hivyo vilitungwa kwa Kiingereza na vikamlenga kijana mwenye pesa za kuingia klabu. Mwimbaji wa ohangla aliyejaza ukumbi wa Kibera kila Jumamosi hakuhesabiwa kuwa habari mpaka alipopata mwaliko wa kwenda hoteli kubwa au ng'ambo.

Pili, studio na makundi yaliyopendwa na waandishi yalikuwa zaidi upande wa Eastlands: Dandora, Kariobangi Kusini na mtaa wa California. Mwandishi aliyetafuta sauti ya ghetto alielekea huko kwanza.

Tatu, mitaa ya mabanda iliandikwa kama mandhari. Kibera ilitajwa kwa matope na mabati yake, msanii akapigwa picha relini, na habari ya ufundi wa wimbo wake ikaachwa. Wengi walipiga picha hapo ambao hawakuwa wakazi wa hapo.

Aliyeigeuza anwani kuwa fahari ni Octopizzo, mzaliwa wa Kibera. Jina lake la kisanii na wito wake wa Namba Nane vinatokana na namba 8, ile ya matatu zinazohudumia mtaa huo. Albamu yake Chocolate City, ya mwaka wa 2012, ilibeba jina la utani la Kibera kwenye jalada lake. Baada yake, Stevo Simple Boy alivuma mwaka wa 2019 kwa kibao cha kukemea mihadarati. Lakini kufikia wakati huo, aliyemfikisha kwa mashabiki alikuwa YouTube, si mhariri wa Ijumaa.

Kwa nini mitaa haikujichapishia

Swali ambalo msomaji anaweza kuuliza ni hili: Ikiwa vijarida vya katikati mwa jiji havikuwaandika ipasavyo, kwa nini vijana wa Kibera na Kawangware hawakuanzisha jarida lao? Vipaji vya kuandika vilikuwepo. Mashine za kurudufisha karatasi zilikuwepo pia.

Sehemu ya jibu imo katika sheria. Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji wa gazeti asajiliwe na aweke dhamana kabla ya kuanza kuchapisha. Mwaka wa 2002 Bunge liliirekebisha na kuipandisha dhamana hiyo kutoka Sh10,000 hadi Sh1 milioni.

Shabaha iliyotajwa ilikuwa magazeti ya uchochezi na uzushi wa kisiasa yaliyokuwa yakiuzwa barabarani. Lakini sheria haikumtenga mzushi na kijana mwenye nia ya kuandika habari za bendi za mtaa wake. Wote wawili walitakiwa kupata dhamana ile ile ya Sh1 milioni. Kwa kampuni kubwa ya habari hicho ni kiasi kidogo. Kwa kundi la vijana wa Laini Saba ni ukuta.

Sehemu ya pili ni matangazo. Kampuni hununua nafasi pale inapoamini kuna pesa mifukoni, na mitaa ya mabanda haikuhesabiwa hivyo, ingawa ndiyo iliyonunua vocha za simu, sabuni na unga kila siku. Sehemu ya tatu ni usambazaji. Njia za kupeleka magazeti alfajiri zilikuwa mikononi mwa wale wale waliomiliki magazeti.

Redio na vibonzo vyashika nafasi

Sauti ilipokosa karatasi ilipanda hewani. Pamoja FM ilianza kutangaza Kibera mwaka wa 2007, na huko Kawangware kukawa na Mtaani Radio. Vituo vya kijamii jijini Nairobi viligawiwa masafa mamoja ya 99.9, kila kimoja kikisikika katika eneo lake tu. Pamoja FM ilikumbukwa hasa kwa kuhimiza utulivu wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Vituo hivi vilifanya kazi ya jarida: vilihoji wasanii chipukizi, vilisoma salamu na vilicheza nyimbo ambazo vituo vikubwa vilikataa. Pamoja na hayo, Ghetto Radio ilitangaza kwa Sheng na kuwafikia vijana wa mitaa yote ya jiji. Tofauti ni kwamba mahojiano ya redio, yasiporekodiwa, hupotea mara tu yanapomalizika.

Chapisho lililokaribia zaidi ndoto ya jarida la mtaa ni Shujaaz, lililoanza Februari 2010. Hiki ni kitabu cha vibonzo cha Sheng, kilichotolewa bure kila mwezi ndani ya gazeti la Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu ni kijana Boyie, aliyemaliza shule, hana kazi, na anaendesha kituo cha redio kisicho na leseni akiwa chumbani mwake.

Shujaaz halikuwa jarida la muziki, bali lilishughulikia ajira, kilimo, afya na uraia. Lakini lilichukua umbo la dijei wa mtaa kuwa msimulizi wake, na hilo si jambo dogo. Lilitambua kwamba katika mitaa hii anayesikilizwa ni yule anayecheza nyimbo. Lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2014.

Baadaye simu ikameza vyote. Huduma ya Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2013, ilimwezesha shabiki kupakua nyimbo kwa simu ya bei nafuu. Chati ilihamia kwenye idadi ya waliotazama, barua za wasomaji zikawa maoni chini ya video, na udaku ukahamia kwenye mitandao ya kijamii. Hata New Musical Express lenyewe liliacha kuchapisha toleo lake la karatasi la kila juma mwaka wa 2018.

Kilichopatikana ni uhuru. Msanii wa Kawangware hahitaji tena kibali cha mhariri yeyote. Kilichopotea ni yule mtu wa tatu, asiye msanii wala shabiki, aliyekuwa na kazi ya kuuliza: Nani alitunga? Lini? Nani alilipwa? Idadi ya waliotazama wimbo haijibu hata moja kati ya maswali hayo.

Hifadhi na lililo mbele

Wapo waliojitahidi kuokoa kilichobaki. Kituo cha Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, kilitoa mwaka wa 2008 kazi ya kuchunguza chimbuko la benga, na mwaka wa 2010 nyingine kuhusu muziki wa Wakikuyu. Mwaka wa 2017 kilitoa kitabu kuhusu historia ya muziki wa Kenya kati ya mwaka wa 1946 na 2016. Watafiti wa kazi kama hizi hutegemea kumbukumbu za wazee, na pia magazeti ya zamani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ina magazeti ya miaka mingi. Idara ya nyaraka za kitaifa nayo ina sehemu yake. Lakini kijarida cha ndani ya gazeti kina hatari ambayo gazeti lenyewe halina. Ndicho kinachochomolewa kwanza na kusomwa hadi kichakae, na ndicho kinachokatwa picha. Gazeti likifika kwenye rafu ya kuhifadhiwa, mara nyingi kijarida hakimo.

Kazi iliyopo si ya gharama kubwa. Maktaba ya umma ya Kibera inaweza kutenga rafu moja na kuwaomba wakazi walete nakala walizohifadhi chini ya magodoro na ndani ya masanduku. Vituo vya redio vya mitaani vinaweza kuhifadhi mahojiano yao badala ya kuyafuta. Shule za Dagoretti zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika habari za mwanamuziki mmoja wa mtaa wao, kwa jina, mwaka na ala aliyopiga.

Nayo Sheria ya Vitabu na Magazeti, ambayo inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa msajili, inaweza kuangaliwa kwa jicho hilo: iwe chombo cha kuhifadhi zaidi ya kuwa kizingiti cha kuwazuia wanyonge.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa Kibera na Kawangware ni mali, na kwa miongo kadhaa daftari lake lilikuwa kijarida kilichochanika, kilichobandikwa ukutani kwa kinyozi.